Picha za Funguo za Watu

Bwana Meno hakuitwa hivyo kwa sababu ya meno yake mwenyewe, ambayo yalikuwa yameshaanza kumuaga moja moja. Aliitwa hivyo kwa sababu ya meno ya funguo. Alikuwa fundi wa vitasa, na mtu akimletea ufunguo uliokataa kufungua, jambo la kwanza alilofanya ni kuuinua kwenye mwanga, kufumba jicho moja na kutamka, "Hili jino la kati limechoka." Mteja angelalamika kuhusu mlango, mvua, mume aliyebaki nje, na yeye angejibu kuhusu jino.

Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la viatu na kinyozi, chembamba kiasi kwamba aliyeingia kwa uso ilimbidi atoke kinyumenyume. Humo mlikuwa na jiliwa la kubania vyuma, tupa za kila unene, mashine ya kuchonga funguo iliyopiga kelele kuishinda redio ya kinyozi, na ukuta mzima wa funguo mbichi zilizosubiri kupewa meno. Watu walimpenda, ingawa hakuwa mtu rahisi. Alikuwa na masharti. Hakufungua mlango wa mtu aliyejifungia nje mpaka jirani aje ashuhudie kwamba kweli mtu huyo anaishi pale. Aliwahi kumwacha bwana mmoja mwenye suti na tai akisimama juani mbele ya nyumba yake mwenyewe, mpaka mama wa nyumba ya pili aliporudi kutoka sokoni na kusema, "Ndiye, mfungulie, ingawa simpendi."

Sharti la pili lilikuwa kwamba fundi hasimamiwi kichwani. Ukimleta nyumbani kwako, unamwonyesha mlango, kisha unatafuta shughuli nyingine. Ukikaa nyuma yake na kuuliza, "Hapo unafanya nini?" anaweka bisibisi chini na kusubiri. Alisema kwamba mtu anayemwangalia fundi kwa karibu ama anataka kumwibia ufundi, ama anadhani fundi ni mwizi, na yote mawili ni matusi.

Lakini kilicholijenga jina lake ni jambo la tatu. Kila ufunguo aliouchonga, alibaki na sura yake. Zamani alizikandamiza funguo kwenye vipande vya sabuni na kuvihifadhi kabatini nyumbani, kila kipande na jina la mlango wake, mpaka siku mkewe alipoishiwa sabuni na kufulia mashuka kwa ufunguo wa duka la dawa. Ugomvi wa siku hiyo ulisikika mpaka barabarani. Binti yao, ambaye alifanya kazi ya maabara katika mji mwingine, ndiye aliyekuja na suluhu. Alimletea baba yake kompyuta na kamera ndogo, akamfundisha kuulaza ufunguo juu ya karatasi yenye miraba, kuweka pembeni kikaratasi chenye jina la mlango, na kupiga picha. Miraba ilionyesha vipimo, na kikaratasi kilimtaja mwenyewe.

Kuanzia hapo, mtu akipoteza ufunguo hata kama yuko safarini, alipiga simu tu. Bwana Meno alikwenda nyumbani, akaifungua picha, akarudi kibandani akachonga. Hakuna mlango uliovunjwa. "Mlango ukivunjwa, fundi ameshindwa," alipenda kusema, na watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Hakuna aliyemuuliza picha hizo zinalala wapi.

Zililala sebuleni, kwenye kompyuta iliyokaa juu ya meza ndogo karibu na dirisha, chini ya kitambaa cha kufuma ambacho mkewe alikitandaza juu yake kama alivyotandaza juu ya televisheni, friji na kila kitu kingine ndani ya nyumba ambacho hakikuweza kukimbia. Binti alikuwa ameiwekea neno la siri. Baba yake aliliondoa. Alisema nyumba ikishafungwa vizuri mlango wa mbele, kufunga na vyumba vya ndani ni kutoaminiana.

Basi ikawa Jumapili moja mchana. Mkewe alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa. Bwana Meno, aliyekuwa amepewa kazi ya kufungua sefu ya zamani, aliketi mbele ya kompyuta kutafuta michoro ya vitasa vya aina ile. Akaona mahali palipoahidi kitabu kizima cha michoro, bure. Akabofya.

Skrini ikawa nyekundu yote. Ikaanza kulia king'ora. Katikati yakatokea maandishi makubwa: KOMPYUTA YAKO IMESHAMBULIWA NA VIRUSI. USIIZIME. PIGA NAMBA HII HARAKA. Alijaribu kuufunga ukurasa ule, haukufungika. Akajaribu tena kwa upole, kama anavyokijaribu kitasa kikaidi, haukufungika. Kwa mtu wa kazi yake, kitu kisichofungika kilikuwa dharau. Akachukua simu akapiga.

"Shikamoo baba," ilisema sauti ya kijana, laini, isiyo na haraka.

"Marahaba, mwanangu. Mashine yangu inapiga kelele."

"Pole sana baba. Tumeliona tatizo lako hapa kwetu, tulikuwa tunakusubiri upige. Umefanya la maana kutobonyezabonyeza vitu. Wengi hukurupuka wakaharibu. Wewe inaonekana ni mtu wa ufundi."

Bwana Meno alikivaa kilemba hicho cha ukoka bila kukigeuza kuona kimesukwa kwa nini. Alieleza kwamba ndiyo, ni fundi wa vitasa, miaka mingi. Kijana alifurahi sana kusikia hivyo. Akamwelekeza ukurasa wa kuingia, akamwambia apakue kitu fulani, akamwomba amsomee tarakimu zilizotokea. Bwana Meno akavaa miwani na kuzisoma taratibu, na kijana akamwitikia kila moja. Mara mshale kwenye skrini ukaanza kutembea wenyewe. Kipanya kilikuwa kimetulia mezani, mkono wake uko mapajani, na mshale unakwenda.

"Usishtuke baba, ni mimi," alisema kijana. "Sasa naanza kusafisha. Skrini itakuwa nyeusi kwa muda. Unaweza kukaa hapo ukasubiri, ila usiguse kitu."

Hapa mtu mwingine yeyote, mwoga, mbishi, mjinga, hata mtoto, angekaa kukodolea macho skrini ile. Bwana Meno alisimama.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Fundi hasimamiwi kichwani. Fanya kazi yako kwa nafasi. Mimi nachemsha chai."

Huenda kijana yule, katika wizi wake wote, hakuwahi kukutana na heshima ya namna hiyo. "Asante baba," alisema.

Bwana Meno alichemsha chai. Aliinywa uani, chini ya kamba ya nguo, polepole, ili asimharakishe mwenzake. Alipomaliza kikombe akaona ni mapema, akamimina kingine. Aliporudi alikohoa mlangoni kabla ya kuingia sebuleni. Skrini ilikuwa imetulia, haina wekundu wala kelele.

"Tayari baba. Kila kitu safi."

"Nikulipeje?"

"Hakuna malipo, baba. Huduma ya bure."

Akamwombea kijana maisha marefu, akakata simu.

Mkewe aliporudi, alimsimulia kwa majivuno kidogo, kama mtu aliyeua nyoka mwenzake akiwa hayupo. Mkewe alivua viatu, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo fundi ulimwona uso?"

"Kwenye simu nitamwonaje?"

"Anaitwa nani?"

"Sikumuuliza."

"Na jirani gani alimshuhudia?"

Bwana Meno alitazama kompyuta, ambayo haikuwa na kitambaa chake, akakumbuka kwamba kwa kazi yote ile kijana hakutaka hata senti. Fundi asiyetaka malipo hakuwahi kumwona.

Alimpigia binti yake. Binti hakumwacha amalize. "Baba, chomoa waya wa intaneti! Sasa hivi! Chomoa!" Kwa kuwa hakujua ni upi, Bwana Meno alichomoa waya zote zilizokuwa sebuleni, pamoja na wa televisheni na wa pasi, na mkewe alibaki katikati ya chumba akiuliza kama na taa nazo zing'olewe.

Fundi wa kompyuta alikuja kesho yake, mwanamke wa makamo mwenye mkoba mkubwa na subira kubwa zaidi. Alipoketi, Bwana Meno alisimama nyuma yake na hakuondoka. Hakujali tena masharti yake. Mwanamke yule aligeuka akamtazama.

"Simama tu, mzee. Mimi napenda mtu akiangalia. Uliza chochote."

Bwana Meno akaona haya, lakini akabaki amesimama.

Ilichukua muda. Mwishowe fundi akaweka kidole kwenye skrini. "Ule wekundu na kelele vilikuwa picha tu, mzee. Hapakuwa na kirusi chochote. Ungekibonyeza kitufe cha kuzimia ukakishikilia, mashine ingezimika na mambo yangeishia hapo. Kirusi alikuwa yule uliyempigia. Alikuambia uweke programu ya kumwingiza, ukaiweka. Bado ilikuwa humu, angerudi wakati wowote." Akasogeza kidole chini. "Na hivi hapa ndivyo alivyoondoka navyo."

Zilikuwa picha za harusi ya binti. Barua za chama cha mazishi. Na folda nzima iliyoandikwa FUNGUO.

"Mambo ya benki yako hayakuwamo?" aliuliza fundi.

Hayakuwamo. Bwana Meno bado alipanga foleni kwenye dirisha la benki kama enzi za zamani.

"Basi una bahati. Hayo ndiyo waliyokuwa wanayatafuta. Hawa huzoa kila kitu halafu huchambua. Wakiona picha za funguo watazitupa. Wana shughuli gani na funguo? Hawajui hata uko mji gani." Akafuta kila kitu, akaiweka kompyuta upya, akaiwekea neno la siri na kumwapisha kwamba hataliondoa. Akamwambia kwamba hakuna kampuni inayokaa mahali ikiitazama mashine ya mtu nyumbani kwake, na kwamba asimruhusu kuingia mtu yeyote ambaye namba yake ameletewa na tatizo lenyewe. Bwana Meno alisikiliza yote kama mwanafunzi. Moyoni alikuwa anaziona zile karatasi za miraba. Duka la dawa, mlango wa nyuma. Mwoka mikate, ghalani. Dobi. Daktari wa macho. Nyumba ya dada yake. Mtu yeyote mwenye tupa na uvumilivu angeweza kuuchonga ufunguo wowote kutoka kwenye picha ile. Alizipiga vizuri kwa ajili hiyo hasa.

Jioni binti alipiga simu. "Nyamaza, Baba," alisema. "Umesikia alivyosema fundi. Ukianza kuzunguka ukitangaza, utawatia watu hofu ya bure, na kibanda utafunga. Nani ataleta ufunguo wake tena?" Mkewe alikuwa anasikiliza kando. Alisema tu, "Milango ni yao," akarudi kwenye cherehani yake.

Bwana Meno alifuata la binti, kwa sababu lilikuwa rahisi. Mtu akipewa ushauri wa aina mbili, wa kumbakisha kitandani na wa kumtoa nje mvuani, hahitaji kufikiri sana. Alifungua kibanda kama kawaida. Alisalimiana na kinyozi. Mteja mmoja alimuuliza, "Utaniwekea na picha yake kama siku zote?" na yeye akasema ndiyo, huku akiutazama ufunguo badala ya mwenyewe. Jumapili alikwenda kwa dada yake kama ilivyo desturi, akala, akamuuliza hali ya magoti, akarudi nyumbani.

Ndipo asubuhi moja habari zikapita mtaani kwamba mwoka mikate ameibiwa. Bwana Meno aliacha kibanda wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakimbia na nguo za kazi. Watu walikuwa wamejazana. Alipenya mpaka mbele, akauona mlango wa ghala umefungwa, kitasa kizima, na pembeni yake dirisha limevunjwavunjwa na vioo vimetapakaa chini.

Dirisha! Alifurahi. Furaha ilimpanda mpaka usoni, akajikuta anatabasamu. Mwoka mikate, aliyekuwa amekaa juu ya gunia la unga ameshika tama, aliinua kichwa akamwona.

"Bwana Meno," alisema, "kuna la kuchekesha?"

Hakuwahi kuona aibu kama ile. Mtu ameibiwa mashine yake ya kukandia, naye amekuja kumfurahia. Palepale, mbele ya vioo, alijua hataweza kuishi hivyo, kila asubuhi akiomba wezi wapitie madirishani.

"Hapana," alisema. "Nina habari mbaya kwako, lakini siyo ya leo. Nitarudi."

Alinunua vitasa vipya kwa akiba yake, akavijaza kwenye mfuko wa vifaa, akaanza kuzunguka. Kwa kila mlango alisema maneno yaleyale: kwamba picha ya ufunguo wao imeibiwa, kwamba kosa ni lake, na kwamba amekuja kubadilisha kitasa na hataki malipo. Alisimulia yote, hata chai. Chai ndiyo iliyomgharimu zaidi, kwa sababu ndiyo watu walioikumbuka. Kabla hajafika mwisho wa barabara, kinyozi alikuwa ameshawasimulia wateja, na mzee mmoja aliyekuwa ananyolewa alicheka mpaka akakatwa sikio.

Mwoka mikate alimsamehe, akasema mganga hajigangi. Dobi alimwambia asijali, kwake hamna cha kuiba ila mashati ya watu. Daktari wa macho alikubali kitasa, akamshukuru kwa adabu, na tangu siku hiyo akawa anapita upande wa pili wa barabara. Mwenye duka la dawa, mama mrefu asiyependa mchezo, alimuuliza swali ambalo hakulitarajia.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa na picha ya ufunguo wa duka langu, duka la dawa, sebuleni kwako? Kwa ruhusa ya nani?"

"Nilikuwa nakusaidia, mama. Ukipoteza..."

"Nimekuuliza ruhusa."

Ruhusa hakuwahi kuiomba kwa mtu yeyote. Alipiga magoti akabadilisha kitasa.

Alimwacha dada yake mpaka mwisho. Dada huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima, pamoja na watu wenye wajukuu, bado ulimwita Mwalimu Mkuu na kuficha mikono nyuma ukimwona. Alimlea mdogo wake baada ya mama yao kufariki. Wakati watu walipomcheka kwa kuacha shule na kushika tupa, ndiye aliyempa mlango wake wa mbele ajifunzie, na kitasa cha kwanza Bwana Meno alichowahi kukifunga maishani kilikuwa pale. Kilikuwa kimekaa upande kidogo. Dada yake hakukubali kamwe kinyooshwe.

Alikaa sebuleni kwake kwenye ncha ya kiti, akaeleza. Dada yake alisikiliza, mikono mapajani.

"Ukaenda kuchemsha chai," alisema alipomaliza.

"Ndiyo, Dada."

"Ukamwacha peke yake."

"Ndiyo, Dada."

"Nimekusikia."

Bwana Meno alitoa kitasa kwenye mfuko. Kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyonunua, kizito, alikichagua kwa ajili yake tangu mwanzo. Dada yake alikitazama.

"Leo hapana. Nitakuita."

Hakumwita. Bwana Meno alikiweka kitasa kile chini ya jiliwa, akawa anakifuta vumbi kila asubuhi. Simu ikilia, aliitazama kwanza kabla ya kuipokea. Kazi kibandani ilikuwa imepungua, watu walifuata viatu kwa jirani na kupeleka nywele kwa kinyozi na kupita katikati bila kugeuka, na hilo aliliweza. Jumapili aliogopa kwenda kwa dada yake bila kuitwa, akabaki nyumbani akisema ana mafua. Mkewe alimwangalia akamwachia mafua yake.

Siku moja adhuhuri alikuwa anarudi kutoka kununua mafuta ya mashine, akaona akikatiza njia ya nyumbani kwa dada yake atafika upesi. Kabla hajafika getini alisikia sauti anayoijua kuliko sauti ya mkewe, ya patasi ikila mbao. Mlango wa dada yake ulikuwa wazi, na mbele yake amepiga magoti fundi wa vitasa wa upande wa pili wa soko, mwenzake wa umri uleule, aliyeshindana naye maisha yote. Juu ya gazeti sakafuni kililazwa kitasa cha zamani, na alama za tupa ya kijana asiyejua kazi bado zilionekana pembeni yake.

Yule fundi alimwona, akaacha kugonga. Hakucheka. Aliangalia chini. "Habari za kazi," alisema.

"Njema," alisema Bwana Meno. Alikiangalia kitasa kipya. Kilikuwa kimekaa sawasawa. "Kazi nzuri."

Iliuma kusema hivyo, na iliuma zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Ingia," ilisema sauti ya dada yake kutoka ndani.

Aliingia, akasimama karibu na meza. Dada yake alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha siku zote.

"Unajua kwa nini sikukuita?"

"Najua, Dada."

"Sema."

"Kwa sababu nilimwachia mgeni funguo za watu."

"Hapana. Hilo la chai lingempata mtu yeyote mwenye adabu na asiye na akili." Sasa sauti yake haikuwa ya shule. "Ulijua, mdogo wangu. Ulishajua, ukaja hapa Jumapili ukala chakula changu. Ukaniuliza magoti. Ukaupita mlango ule ukitoka, ukaniacha nyuma yake nikalala peke yangu. Hukusema kitu."

Nje, patasi ilikuwa imenyamaza. Bwana Meno alikuwa amebeba maelezo mengi kichwani kwa siku zote zile, ya binti, ya fundi wa kompyuta, ya bahati, na sasa hakuona hata moja la kumpa.

"Nisamehe, Dada."

"Nitakusamehe. Bado sijamaliza kukasirika."

Fundi wa upande wa pili wa soko aliingia akiwa anafuta mikono, akampa Mwalimu Mkuu funguo mpya, zimefungwa pamoja kwa uzi. Dada akazifungua uzi. Mmoja akautia kwenye pochi. Mwingine akauweka juu ya meza, wa akiba. Wa mwisho alibaki nao mkononi, akauangalia kidogo, kisha akamnyooshea mdogo wake.

"Huu ukae nao."

"Mimi, Dada?"

"Wewe. Mimi naishi peke yangu, na sina umri wa kudanganyana. Iko siku mlango huu hautafunguliwa asubuhi. Siku hiyo sitaki fundi aje auvunje. Nataka ndugu yangu afungue, aingie, anifunike vizuri kabla watu hawajaniona."

Bwana Meno aliupokea kwa mikono miwili. Akalia palepale mbele ya fundi mwenzake, ambaye alirudi mlangoni na kujifanya anazoa vumbi la mbao. Mwalimu Mkuu alimwacha alie mpaka amalize, kisha akamuuliza kama amekula.